Kufuli la Gari na Heshima ya Jirani



Gari likiibwa, au likang'olewa vioo, mtu wa kwanza kushikwa katika mitaa yetu mara nyingi si mwizi. Mwizi huwa amekwisha kwenda zake. Anayeshikwa ni yule aliyekuwa karibu: mlinzi aliyesinzia, kijana anayeosha magari, fundi aliyelitengeneza juzi, au mtoto wa jirani ambaye watu hawaipendi sura yake. Kwa hivyo leo nataka tuzungumze juu ya kulinda gari, na nataka uone kwamba anayelinda gari lake vizuri hulinda vitu viwili kwa pamoja: mali yake, na heshima za watu wanaoishi pembeni mwa mali hiyo. Na hicho cha pili ni kizito kuliko cha kwanza.

Niliyaona haya kwa macho yangu mtaani kwetu Magomeni, Dar es Salaam, usiku mmoja wa Ramadhani. Mzee mmoja mstaafu, mtu mpole na mwenye kupendwa, aliegesha gari lake kando ya msikiti akaingia kusali Isha na tarawehe. Mahali penyewe palikuwa na giza, kwa kuwa taa ya njiani ilikuwa imeungua siku nyingi. Kioo cha mlango wa dereva alikiacha wazi kiasi cha kiganja ili joto litoke. Tulipotoka, gari halikuwa na vioo vya pembeni, na ndani vile vitufe vya kupandishia vioo vya milango vilikuwa vimeng'olewa pamoja na nyaya zake.

Katika uwanja ule alikuwapo kijana wa miaka 17 hivi, yatima wa baba, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha magari ya waumini na kuyatazama mpaka wamalize sala. Usiku ule hakuwa kwenye magari. Alikuwa ametawadha akaingia kusali safu ya mwisho. Mtu mmoja akasema, "Nani mwingine kama si huyu?" Maneno hayo matano yalitosha. Kofi la kwanza lilifuatwa na ngumi, na ngumi zikafuatwa na fimbo. Imamu alijitupa juu yake, nasi wachache tukamzunguka mpaka tukaweza kumtoa. Tulimpeleka hospitali sikio lake likitoka damu.

Haikupita hata nusu mwezi, polisi wakawakamata watu wawili upande mwingine wa jiji wakiwa na gunia la vioo. Vya mzee wetu vilikuwamo. Alivitambua kwa mkwaruzo aliokuwa akiujua. Watu wale hawakuwa wakimjua yule kijana, wala yeye hakuwajua. Mzee alikwenda pamoja na imamu kumwomba radhi mama yake, ambaye ni muuza vitumbua. Walipokewa kwa adabu, wakapewa kiti na maji ya kunywa. Mama yule akasema, "Mzee wangu, mimi nimekusamehe. Lakini sikio la mwanangu halisikii tena, na watoto wa chuoni bado wanamwita mwizi." Kabla ya Idi kijana alikuwa amekwisha kuhama mtaa.

Utaniambia, msomaji, kwamba kosa ni la waliopiga. Ni kweli, na hesabu yao iko kwa Mola wao. Wala mimi simtwiki aliyeibiwa mzigo wa mwizi, kwa sababu mwizi ni mwizi hata akikuta mlango wazi. Lakini tazama jinsi mambo yalivyopangana: giza, kioo kilichoachwa wazi, vioo visivyo na alama yoyote, na mlinzi ambaye hakuna aliyemwajiri wala kumwekea mtu wa kumpokea zamu aendapo kusali. Palipokosekana kinga, pakajaa dhana. Na dhana ikishaingia katika kundi la watu wenye hasira, humwangukia mnyonge daima. Haimwangukii mwenye gari lililoegeshwa pembeni, wala mwenye kanzu iliyopigwa pasi.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi. Amri hizi mbili tunazisoma na kuzisikiliza katika darsa. Lakini utazishikaje usiku wa manane, moyo unakuenda mbio, na gari lako halipo? Ni vigumu. Basi ni busara kupunguza mapema nafasi za kuingia katika mtihani huo.

Wapo wanaosema, "Ya nini makufuli yote haya? Kilichoandikwa kitakuwa." Mtu wa namna hii hudhani kwamba anamtegemea Mungu. Imepokewa kwa Anas bin Malik, katika mkusanyo wa Tirmidhi, kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake na kumtegemea Mungu, au amwache bila kumfunga na kumtegemea Mungu. Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Na tumeamrishwa pia, usiku uingiapo, tufunge milango na tulitaje jina la Mwenyezi Mungu. Mkono unafunga na ulimi unataja, yote mawili kwa pamoja.

Na ikiwa bado una shaka, itazame Al-Kaaba. Hiyo ni Nyumba ya Mwenyezi Mungu, naye hashindwi kuilinda. Lakini ina mlango, na mlango una kufuli, na kufuli lina ufunguo. Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 wa Hijria, yaani mwaka 630 Miladia, Mtume (s.a.w.) aliurudisha ufunguo huo kwa Uthman bin Talha, na mpaka leo umebaki katika ukoo wa Bani Shaiba. Wafasiri wengi wanaitaja khabari hii wanapofika katika Suratun Nisaa, aya ya 58, juu ya kurudisha amana kwa wenyewe. Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, kufunga si upungufu wa imani. La pili, ufunguo lazima uwe na mwenyewe anayejulikana, ili asishukiwe kila mtu.

Wazee wetu wa mwambao waliyajua haya. Milango yao mizito ya kuchonga ilikuwa na komeo kwa ndani, na riza na tumbuu kwa nje. Leo mali ya mtu imetoka nje ya mlango ule. Inalala barabarani, chini ya mwarobaini, juu ya magurudumu manne, na pengine ndiyo riziki ya nyumba nzima. Bajaji ya mjane ikiibwa, karo na unga vimekwenda nayo. Basi na tuitafutie riza na tumbuu yake.

Jambo la kwanza halina gharama, nalo ni mazoea. Pandisha vioo vyote mpaka juu. Chomoa ufunguo hata ukishuka kwa dakika moja kufungua geti, kwa maana magari mengi yamekwenda katika dakika hiyo. Usiache mkoba, simu wala mfuko juu ya kiti, hata kama ndani mna kanga kuukuu tu. Mwizi huvunja kioo kwanza ndipo akajua kilichomo. Na kadi ya gari isikae ndani ya gari. Mwizi akilikuta gari na kadi yake pamoja, umempa mali na umempa njia ya kuiuza.

Jambo la pili ni alama. Katika Dar es Salaam watu wengi sasa huchora namba ya gari juu ya vioo vya pembeni, taa, na vioo vya milango. Wengine huvibana vioo vya pembeni kwa ribiti au kuvitilia kikingio cha chuma. Baadhi ya watu huona kwamba namba hizo zinaharibu uzuri wa gari. Lakini fikiri: mwizi wa kioo hataki kioo, anataka fedha. Kioo chenye namba ya mtu mwingine ni kigumu kuuzika, na kikikamatwa kinamtaja mwenyewe. Zaidi ya hayo, alama hiyo ni shahidi asiyesema uongo. Humtia hatiani aliyekutwa na mali, na humwokoa asiyekutwa nayo.

Jambo la tatu ni kufuli la usukani, lile pingo la chuma linalofungwa juu ya usukani usiweze kuzunguka. Mwizi hodari aweza kulikata, lakini kulikata kwataka muda na kelele, na hivyo viwili ndivyo anavyoviogopa mwizi. Liweke lionekane kutoka nje, ili lifanye kazi yake kabla hajagusa mlango.

Jambo la nne ni swichi ya siri. Fundi umeme wa magari hukata waya wa pampu ya mafuta au wa stata, akaupitisha katika swichi ndogo iliyofichwa mahali unapopajua wewe. Swichi ikizimwa, gari haliwaki, au huwaka likazimika baada ya mwendo mfupi. Ni kinga ya bei nafuu, lakini ina masharti mawili. Ifanywe na fundi mjuzi, kwani waya uliofungwa ovyo huleta moto, au huzima gari katikati ya barabara. Na isiwekwe mahali ambapo kila mtu huitafuta kwanza, kama vile chini ya usukani.

Magari mengine yamekuja na kinga ya namna hii kutoka kiwandani. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu ndogo yenye namba yake ya siri. Ukiingiza ufunguo, kompyuta ya gari huisoma namba hiyo, na isipoitambua huzuia injini kuwaka. Nchi za Umoja wa Ulaya zililazimisha kinga hii kwa magari mapya tangu mwaka 1998. Magari mengi yanayofika kwetu yametumika kwanza Japani. Baadhi yana chipu hiyo na baadhi hayana. Ukinunua gari, muulize fundi kama lako linayo, na uhesabu funguo ulizokabidhiwa. Ukipewa ufunguo mmoja wa gari lililokuwa na funguo mbili, jua kwamba wa pili uko mahali fulani. Badilisha vitasa, au mwambie fundi aufute ule wa pili katika kompyuta ya gari.

Jambo la tano linawahusu wenye magari ya kuwashwa kwa kitufe bila kuchomeka ufunguo. Ufunguo wa namna hii huzungumza na gari kwa mawimbi ya redio. Wezi wawili huja na vyombo vyao, mmoja akasimama karibu na ukuta wa chumba chako na mwingine karibu na gari. Wakayavuta mawimbi ya ufunguo mpaka gari likadhani mwenyewe amefika. Dawa yake ni nyepesi: usiku uweke ufunguo ndani ya mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana, mbali na mlango na dirisha. Kisha beba mkebe wenyewe, ukasimame karibu na gari na ujaribu kulifungua. Likifunguka, tafuta mkebe mwingine.

Jambo la sita ni kifaa cha kufuatilia gari, kinachojua mahali kilipo kwa setilaiti na kukupasha khabari kwa laini ya simu. Kinasaidia kulipata gari lililokwisha kuibwa. Kinataka kifichwe vizuri, na laini yake isiishiwe salio. Na gari likionekana mahali, wapelekee polisi khabari hiyo. Usiende wewe na vijana wa mtaa wenye marungu, kwani huenda aliyemo ndani ni dereva aliyekodishwa asiyejua lolote.

Jambo la saba, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, ni kuwawekea wanadamu utaratibu ulio wazi. Mlinzi apewe tochi, mahali pa kukaa, na saa zinazojulikana. Akienda kusali, awepo wa kumshikia. Ukimpa fundi gari, mpe ufunguo wa gari peke yake, usimpe shada zima lenye ufunguo wa nyumba, na mwandikiane umemkabidhi siku gani na ndani mlikuwa na nini. Usione haya. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 282, ametuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi, wala hakuna anayesema kwamba amri hiyo inawatukana wadaiwa. Maandishi humlinda fundi kama yanavyokulinda wewe. Kesho ukikosa tairi la akiba, mtafungua karatasi, hamtafungua midomo.

Sasa niseme neno moja juu ya mtaa mzima, nalo nitalichukua kutoka mbali kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ujerumani Magharibi ililazimisha kila gari, jipya na kuukuu, liwe na kufuli la usukani. Wizi wa magari ulishuka sana. Uingereza nayo ikalazimisha kufuli hilo tangu mwaka 1971, lakini kwa magari mapya tu. Wizi wa magari mapya ulipungua, na wezi wakageukia makuukuu. Tafakari, msomaji. Mwenye gari jipya alipata amani, na mwenye gari kuukuu akaubeba mzigo wa wote wawili.

Ndivyo ilivyo mtaani. Ukijifungia wewe peke yako, ukaweka taa na ukuta na mbwa, huenda umemwelekeza mwizi kwa jirani asiye na kitu. Haki ya jirani kwetu ni kubwa mno. Basi ukimwita fundi wa kuchora namba, mwite siku moja kwa majirani wote, bei ishuke na asikose mtu. Ukinunua taa, ielekee njia nzima. Wakuu wa misikiti nao wana la kufanya: taa ya uwanjani, mlinzi mwenye malipo ya kila mwezi, na kijana mmoja wa zamu ambaye waumini wanamjua kwa jina. Gharama yake ukiigawa kwa wenye magari haifiki hata bei ya kioo kimoja.

Na yako maswali ambayo hatupendi kuulizana. Vioo vilivyoibwa vinauzwa kwa nani? Haviliwi wala havivaliwi. Vinanunuliwa na mwenye gari kama wewe, aliyeibiwa jana, akaambiwa pako mahali atakipata kioo kwa nusu ya bei leo hii. Hakuulizi kilikotoka, kwa sababu anajua jibu. Kununua kitu unachokijua kuwa cha wizi ni haramu, na maulamaa hawana shaka katika hilo. Mnunuzi huyu ndiye anayemlipa mwizi ujira wake. Nunua kwa muuzaji mwenye duka na stakabadhi, hata ikiwa itakupasa kungoja mwisho wa mwezi. Kama kila mmoja wetu angefanya hivi, wezi wengi wangetafuta kazi nyingine.

Ama ukifikwa, baada ya kinga zote hizo, basi sema Inna lillahi wa inna ilayhi raajiuun. Nenda kituo cha polisi uandikishe: namba ya gari, namba ya injini na ya chasisi, rangi, na alama zake. Ziandike leo katika daftari uziweke nyumbani, kwani siku hiyo hutazikumbuka. Ukiulizwa unamshuku nani, taja uliloliona kwa macho, na usilolijua sema hulijui. Na ukisikia mtu karibu yako anasema, "Nani mwingine kama si huyu?", simama ummalize maneno kabla hayajawa kofi. Gari lina bima na lina mbadala, hata kama ni kwa taabu. Mtoto wa watu hana.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie mali zetu za halali, atuhifadhi sisi na mali za watu, na azisafishe nyoyo zetu na dhana mbaya. Amin.